Makofi ya Mei Mosi

Walitufukuza kazi tukiwa na pilau mdomoni, na sisi tukapiga makofi.

Hospitali yetu ni ya shirika, iko nje kidogo ya mji wa Korogwe, barabara ya kwenda Handeni. Kila Mei Mosi tunavaa fulana mpya, tunaandamana mpaka uwanjani, halafu tunarudi kula chini ya turubai nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje. Mwaka huu fulana zilikuwa za kijani, na mgongoni zimeandikwa "Mfanyakazi ni Nguzo". Aliyechagua maneno yale sijui alikuwa anamkejeli nani.

Mfanyakazi bora wa mwaka alikuwa mama yangu mdogo Mwaija, mhudumu wa wodi ya wazazi. Wahudumu ndio wale wanaodeki, wanaomwaga mabeseni ya damu, wanaobadilisha mashuka, wanaomshika mama mkono anapopiga kelele wakati nesi kakwama kitanda cha pili. Mama mdogo akapanda mbele, akapewa blanketi lenye picha ya simba, akapigiwa vigelegele. Hajakaa vizuri, meneja akashika maiki.

Meneja ni Godfrey, Msambaa wa Vugiri, kule milimani. Pale hospitalini sisi wengi ni Wazigua wa Handeni, na Mzigua na Msambaa ni watani. Mtani anakwambia neno ambalo mtu mwingine angelisema angeokota meno yake chini. Wewe unacheka, unamrudishia. Ukinuna, wewe ndiye huna adabu.

"Jamani," Godfrey akasema, "wafadhili wetu wamekauka kuliko visima vya Handeni!"

Watu tukacheka.

"Kwa hiyo bajeti imekatwa. Wahudumu wa wodini, nyie Wazigua wangu, mwezi ujao mnarudi kwenu Sindeni mkalale vizuri. Maana hapa mmekuwa mnalala kwa mshahara!"

Turubai nusura liruke. Mama mdogo alicheka mpaka akajifunika uso na lile blanketi. Na mimi, jina langu Mdoe, karani wa mapokezi, ambaye nikiona maiki nawashwa mwili mzima, nikainuka nikaichukua mkononi mwa Godfrey.

"Mtani," nikasema, "sisi tukiondoka nani atakushika mkono? Msambaa kwenye sakafu tambarare si anapepesuka? Umezoea mteremko!"

Makofi. Miluzi. Godfrey mwenyewe alicheka mpaka akanikumbatia. Kijana wa kompyuta alikuwa anarekodi yote kwa simu.

Mwezi uliofuata, asubuhi, mlinzi wa getini akawazuia wahudumu wote. Wako pale na sare zao na vifuko vya chakula, mlinzi anatazama chini kwa aibu.

"Mama Mwaija, nisamehe. Nimeambiwa nyie hamuingii."

"Umeambiwa na nani?"

"Na meneja. Anasema mlishaambiwa Mei Mosi."

Nilidhani ni utani unaendelea. Wallahi, nilitoka mapokezi nacheka, nikamwambia mlinzi, "Haya fungua, Godfrey kashinda, tumekubali." Mlinzi hakufungua. Mama mdogo akaniangalia. Hakuwa na hasira na mimi, na hilo ndilo lilinichoma zaidi. Alikuwa ananisubiri mimi, mwenye mdomo, nimwambie wapi pa kucheka.

Nikapanda ofisini kwa Godfrey. Kule juu mafundi walikuwa wanang'oa sakafu nzima, wanaweka marumaru mpya za rangi ya maziwa. Nilipita nachechemea juu ya mbao.

"Mtani!" akaniita. "Unatembea kama Msambaa leo!"

"Mheshimiwa, wahudumu wamezuiwa getini."

"Si wanaenda kulala? Waache wapumzike. Wazigua usingizi ni dawa yenu."

"Mama Mwaija ana mtoto anasoma sekondari. Anategemea kazi hii tu."

"Aje kwangu nimuoe mke wa pili, kanisa litanisamehe." Akacheka, akanipiga begani. "Nenda bwana, usinune. Mtani hanuni."

Na mimi, kwa mazoea tu, mdomo ukachanua. Nilishuka ngazi natabasamu kama mwehu, na rohoni nawaka moto. Yaani kila nilichokirusha yule mtu alikidaka, akakigeuza kichekesho, akanirudishia. Utaanzaje kugombana na mtu ambaye ruksa yako ya kumtukana ndiyo ruksa yake ya kutokukusikia?

Chini, wodi ya wazazi ilishaanza kunuka. Binti mmoja, Hafsa, katokea Mkumbara, kajifungua alfajiri. Aliyekuwa anadeki damu chini ya kitanda ni mama yake mzazi, kapiga magoti, anatumia kanga yake mwenyewe. Bibi mtu mzima! Kaleta mjukuu duniani, badala ya kupewa kiti anapewa sakafu. Nesi alikuwa mmoja, anakimbia vitanda vyote, hata hakuniona. Na juu ya vichwa vyetu unasikia ta, ta, ta, mafundi wanagonga marumaru.

Nikaenda kwa dada Raheli. Raheli ni muuguzi wa wodi ya watoto na mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi. Naye ni Msambaa, mfupi, na huwa hapandishi sauti. Huhitaji sauti ukiwa na macho yale.

"Dada Raheli, umesikia?"

"Nimesikia. Na wewe nilikusikia Mei Mosi."

"Ile ilikuwa utani, dada."

"Kwako. Meneja alikuwa anafanya kazi yake. Sheria inamtaka kabla hajapunguza mtu akae na chama, atoe sababu, aonyeshe bajeti, tubishane kama kuna njia nyingine. Yeye kafanya vyote kwenye pilau. Wewe ukapewa maiki ukamwongezea bashasha."

Nikarudi mapokezi kwangu.

Jioni hiyo hiyo aliitisha kikao cha tawi, chini ya lile lile turubai ambalo hakuna aliyelikunja. Wahudumu walikuja, manesi wakaja, hata dobi na wapishi. Wengi wana wasiwasi kwamba zamu yao inafuata. Mtu mmoja akaanza, "Huyu Msambaa bwana," na watu wakaanza kuguna kwa kicheko.

"Acha," Raheli akasema.

Akasimama katikati yetu.

"Kuanzia sasa hakuna wa kumtania meneja, na akiwatania hakuna wa kucheka. Salamu sawa. Kazi sawa. Mkimwita, mwiteni bwana meneja. Akisema kichekesho, mtazameni mpaka amalize, halafu muulizeni wahudumu wanarudi lini."

"Dada, atasema tumenuna," nikasema.

"Aseme. Mimi ni Msambaa mwenzake, nanuna nanyi. Na wewe Mdoe, kazi yako ni moja: funga mdomo."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Kesho yake Godfrey akapita mapokezi. "Mzigua, maji yametoka bombani, hujayaamkia?" Jibu lilishafika kwenye ulimi, tamu, limeiva, linahusu kabichi na shingo yake. Nikalimeza. Nikasema, "Bwana meneja, wahudumu wanarudi lini?" Akacheka. Nikamtazama. Akacheka tena, kidogo. Foleni nzima ya wagonjwa ilikuwa inatutazama. Akaondoka.

Jikoni hivyo hivyo. Maabara hivyo hivyo. Ikawa anaingia mahali mdomo umeshaanza kupanuka, anakuta nyuso kama ukuta. Siku moja nilimwona amesimama kwenye korido peke yake, kamaliza kusema kitu, anangoja kicheko.

Lakini kunyamaza hakurudishi mtu kazini. Chama kikapeleka shauri kwenye usuluhishi. Msuluhishi akaja Korogwe, mama mmoja wa Kihaya mwenye miwani, tukakaa naye kwenye chumba kidogo: upande mmoja Godfrey na mwanasheria wa shirika, upande wa pili Raheli, mimi kama shahidi, na mama mdogo Mwaija kwa niaba ya wenzake. Tulichokuwa tunataka ni kimoja, wahudumu warudi, na kama kuna la kupunguza tukae mezani kama watu.

Godfrey hakuwa na wasiwasi. Alimwambia msuluhishi kwamba wafanyakazi walishirikishwa wote, hadharani, na walikubali kwa furaha. Akatoa simu.

Nimeona aibu nyingi maishani. Nimewahi kurudi kijijini na begi baada ya chuo kunishinda, majirani wanauliza sherehe lini. Lakini sijawahi kujiona kama nilivyojiona kwenye ile simu. Godfrey anasema mnarudi Sindeni, na watu wanaangua kicheko. Mama mdogo kajifunika blanketi la simba, mabega yanaruka. Halafu natokea mimi, meno yote nje, naongezea. Halafu makofi, marefu, ya watu waliofurahi kweli kweli.

"Huyu shahidi wao," Godfrey akasema, "ndiye huyo mwenye maiki."

Msuluhishi akanigeukia. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Ni utani, mama. Sisi Wazigua na wao Wasambaa..."

"Utani naujua. Nakuuliza, mtu anawaambia hamna kazi, nyie mnapiga makofi. Mimi nielewe nini?"

Nikajikuta najieleza, na utani ukishaanza kuuelezea unakuwa kama mkojo wa jana. Mwanasheria alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma. Mama mdogo kainamisha uso. Nikaona kabisa kazi yake inaondoka, inatoka mlangoni, na mimi ndiye niliyeifungulia.

Raheli akanyoosha mkono.

"Mama msuluhishi, naomba nimuulize bwana meneja. Ulikuwepo Sindeni kwenye msiba wa mzee Mustafa?"

Godfrey akastuka. "Marehemu mume wake huyu? Nilikuwepo. Sote tulikwenda."

"Ulifanya nini?"

"Ah, Raheli. Mambo ya watani."

"Mwambie."

"Nililala njiani mbele ya jeneza," akasema, na akatabasamu. "Nikawaambia Mzigua hapiti bila kunipa kuku."

"Wakacheka?"

"Walicheka sana."

"Na mimi," Raheli akasema, "nilikuwa ndani na wanawake. Nilivaa koti la marehemu, nikachukua fimbo yake, nikaiga anavyokohoa na anavyogombeza mbuzi. Mjane huyu hapa. Alicheka mpaka wakamshika. Watu walipiga makofi, mama msuluhishi, msibani, maiti haijatoka nyumbani. Ndiyo kazi ya mtani, kumchekesha aliyefiwa apate pumzi." Akamgeukia Godfrey, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anapandisha sauti. "Sasa niambie wewe uliyelala njiani! Mwaija alipocheka siku ile, alikuwa amekubali mume wake afe? Alishirikishwa?"

Godfrey akajaribu kucheka. Kilitoka kitu kifupi, kama mtu kapaliwa. Akamtazama mama mdogo, pengine alitegemea tabasamu la kumwokoa, maana amezoea kuokolewa hivyo.

Mama mdogo akainua uso. "Nilicheka kwa sababu nilikuamini," akasema. "Siku ile ulikuja kunifuta machozi. Mei Mosi ukaja na heshima ile ile, kumbe umeficha panga. Utani wa babu zetu umeugeuza barua ya kufukuzia watu! Huoni haya?"

Hakumwita mtani. Hakumwita hata bwana meneja.

Msuluhishi akavua miwani, akaifuta taratibu. "Bwana Godfrey," akasema, "shauri hili likitoka kwangu linakwenda kwenye uamuzi. Utakwenda nayo hiyo video?"

Mwanasheria akamnong'oneza sikioni. Godfrey akaiweka simu mfukoni.

"Mimi nakushauri usiende nayo," msuluhishi akasema. "Inaonyesha kicheko, haionyeshi kikao."

Wakakubaliana hapo hapo: wahudumu wanarudi kazini na malipo yao ya muda wote waliozuiwa, na hakuna kupunguza mtu mpaka shirika likae na chama na bajeti ikiwa mezani. Tulipotoka nje Godfrey akanishika kiwiko.

"Mdoe, bwana. Leo mmeniua."

Mdomo ulitaka. Mungu ananijua. Nikasema, "Tukutane kwenye kikao, bwana meneja," nikatoa kiwiko changu.

Kikao chenyewe kilikuwa kirefu na kibaya. Godfrey alisoma bajeti kwa sauti kavu, bila kichekesho hata kimoja, na ndipo tukasikia kwa masikio yetu: wafadhili wamepungua kweli, hilo halikuwa uongo. Lakini marumaru hazikupungua. Semina za wakubwa hazikupungua, wala gari jipya lililoagizwa. Kila Raheli alipoweka kidole, Godfrey alijibu kwamba hilo lilishapitishwa. "Na sisi tulishapitishwa?" Raheli akauliza. Tulibishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho gari likaahirishwa, semina zikafutwa, mafundi wakasimamishwa na korido ya juu ikabaki nusu maziwa nusu saruji. Wahudumu wawili waliokaribia kustaafu wakachagua kuondoka na haki zao kamili. Wengine wote wakabaki, mama mdogo akiwemo.

Siku aliyorudi kazini, kabla hata ya kikao hicho, nilimsindikiza mpaka mlango wa wodi. Nilitaka kuona uso wake akiingia. Nesi akamkimbilia, mikono imenyooshwa.

"Karibu tena, mama Mwaija!"

"Karibu tena nini? Nilikuwa nimesafiri?"

Akampita. Akavuta beseni chini ya kitanda cha kwanza, akachungulia ndani, akalirudisha kwa kishindo. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha. Akafunua godoro, akanusa.

"Nyie!" akafoka, wodi nzima ikageuka, hata waliokuwa na uchungu. "Watoto wa watu wanazaliwa humu! Humu! Na kule juu mtu anachagua rangi ya sakafu!" Akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni. "Na wewe unatazama nini? Niletee maji."