Mlango Uliokwenda Matemwe

Gari lilikuwa limeshaondoka. Lilikuwa linapinda kona pale Ng'ambo, mlango umelazwa juu yake na kukazwa kwa kamba za usumba, na Khairat bado amesimama nje ya karakana yake, vumbi la mbao za mfenesi limemganda nyusini, akiutazama unavyokwenda kama mtu anayemwozesha mwanawe mbali.

"Ushatoka huo," alisema Matar. "Usiutazame tena. Kazi ikishatoka mkononi ni ya watu."

Neno hilo alimwambia kila msanii aliyepita kwake. Matar alikuwa mshauri wa wasanii. Chumba chake kilikuwa Mkunazini, juu ya duka la viatu, na waliompandia ngazi ni wachoraji, wachongaji na wapiga udi, watu wenye mikono mizuri na ndimi nzito mbele ya mnunuzi. Aliwafundisha kuandika barua, kutaja bei bila ya kuinamisha macho, na kumaliza kazi siku waliyoahidi. Wenziwe wa barazani walimwita Kocha. "Kocha, timu yako imefungwa ngapi leo?" Naye hucheka nao, akamaliza kahawa yake.

Lile neno hakulitoa kitabuni. Vitabu alivisoma vipandevipande, na masomo aliyoyaanza Dar es Salaam aliyaacha njiani. Alilitoa kwa yaliyompata Mzee Haroub, fundi aliyemfundisha kuchonga. Mjini hapakuwa na mkono kama wa Haroub, lakini kila mlango aliouuza aliufuata. Akiukuta umepakwa rangi, hugomba. Akikuta msumari umepigiliwa kutundikia kalenda, huung'oa mwenyewe, mwenye nyumba anamtazama. Mwisho watu wakaogopa kumpa kazi. Alikufa na milango mitatu imeegemea ukuta wake, haina nyumba ya kwenda. Matar alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Baada ya hapo akaweka patasi chini, akaenda Maskati, akaunda fremu za madirisha miaka tisa, akarudi na imani moja: kinachomuua msanii ni kutojua kuachia.

Kwa hiyo Khairat alipopata kazi hii, Matar alifurahi kama yake. Hoteli mpya, Matemwe. Meneja wake kijana wa mjini, Suhail. Mlango mmoja wa mfano, na ukipendeza, kumi na miwili inafuata nyuma yake. "Usiulize unakwenda wapi," Matar alimwambia. "Uliza vipimo na siku."

Khairat akauliza vipimo na siku. Karatasi ya hoteli ilisema: mlango wa mtindo wa kale wa mjini, wenye maandishi juu. Naye akachonga kizingiti cha juu kama alivyochonga baba yake na babu yake, na maandishi yenyewe ni aya ile ile ya Qur'ani iliyozoeleka milangoni: ingieni humo kwa salama na amani. Kwao hakuna fundi aliyewahi kufikiri mara mbili. Mlango ni wa nyumba, nyumba ina wenyewe, na wenyewe huombewa salama.

Chai ilikuwa ndiyo kwanza inaiva pale dereva, Ayoub, alipopiga simu kutoka Mahonda.

"Ami Matar, karatasi yangu huku inasema niushushe nyuma, kwenye baa. Mlango wa choo. Ndio wenyewe huu, au nimechukua mwengine?"

Matar alikata simu. Khairat alikuwa anamimina chai. Akaacha.

"Kuna nini, Ami?"

Angeweza kusema hapana kitu. Ulimi ulishafika hapo.

"Mlango wako unakwenda kutiwa chooni," akasema. "Choo cha baa."

"Na aya?"

"Na aya."

Khairat akaweka birika chini, akavaa baibui lake. "Twende."

"Mwanangu, kumi na miwili."

"Nshasikia kumi na miwili. Ami, mie nna mikono hii tu, na ndiyo nnayoitilia udhu. Utanipeleka, au nitafute wa kunipeleka?"

Khairat akampigia Ayoub amsimamishe, simu haipatikani. Wakapanda Vespa, Khairat amekaa ubavu. Mahonda wakaipita, Kinyasini wakaipita. Kila akitazama barabara alimwona Haroub na msumari wa watu mkononi. Hivi ndivyo inavyoanza, alijiambia. Unaufuata mmoja, kesho wa pili.

Matemwe waliukuta mlango umeshasimamishwa penye choo cha baa. Fundi wa hoteli, Mansour, alikuwa anapigapiga vigingi vya mwisho, na Suhail anaupiga picha.

"Shikamoo, mzee wangu. Bi Khairat! Tazama, kama umezaliwa hapo!"

"Marahaba," alisema Matar.

"Suhail, soma hapo juu," alisema Khairat.

"Haya maua?"

"Chuoni kusoma Qur'ani ulikwenda?"

"Nlikwenda."

"Basi yaache maua, soma."

Suhail akanyanyua kidole, akasoma herufi kwa herufi kama aliye mbele ya maalim. Alipofika katikati, kidole kikashuka. "Astaghfirullah."

"Na mie nimetoka humo sasa hivi!" Mansour aliruka kando na nyundo yake.

"Nataka kizingiti tu," alisema Khairat. "Mlango bakini nao."

"Mwenye hoteli anafika Ijumaa, Bi Khairat. Nshampelekea picha. Anautaka huu huu, na maandishi yake. Mkiking'oa, ile kumi na miwili isahauni." Kisha akamgeukia Matar. "Mzee, si wewe uliyekaa ofisini kwangu ukanambia kazi ikishatoka mkononi ni ya watu?"

"Nlisema."

"Basi mwambie mwenzio."

Khairat hakumtazama Matar. Alikuwa anakitazama kizingiti.

"Fundi wangu alikuwa akigombea rangi na misumari," Matar alisema taratibu. "Mie nikadhani kila kitu ni rangi na misumari. Nikamkataza huyu asiulize mlango unakwenda wapi. Kosa si lake wala si lako, ni langu. Mansour, nipe patasi."

Kwa mara ya kwanza tangu maziko ya Haroub akaishika. Yeye upande huu, Khairat upande ule, wakatoa vigingi kimoja kimoja, Mansour akapokea chini kwa mikono miwili. Suhail aliutazama ukuta mpaka walipomaliza. Hakuwazuia.

Ijumaa mwenye hoteli alifika, akaamuru pale patiwe mlango wa kiwandani. Mlango wa Khairat uko stoo ya hoteli. Ile kumi na miwili ilichongwa na karakana nyengine, maua matupu. Suhail alikaa miezi minane, kisha akahamia hoteli ya Paje. Mansour yuko pale pale. Ayoub ameuza gari, anauza saruji. Kizingiti kilipelekwa Chwaka, kikatiwa juu ya mlango wa chuo cha watoto. Khairat hakupata tena kazi ya hoteli; anachonga makasha na milango ya nyumba za watu, na ana wanafunzi wawili, wote wanawake. Matar alikimbiwa na wasanii kadhaa waliosikia habari ya ile kumi na miwili. Waliobaki anawafundisha barua na bei kama zamani, ila siku hizi chumba chake kiko chini, kwa sababu ya goti.