Blanketi la Bakili

Zena alifungua mzigo tena, akatoa chungu kikubwa, akabakiza kile kidogo, akafunga, kisha akafungua. Upande wa Namtumbo moshi ulikuwa umeshasogea. Askari wa Mjerumani walikuwa wakichoma vihenge vya nafaka kijiji baada ya kijiji, na kabla ya jua la utosi ilibidi yeye, mama mkwe wake na mtoto wawe porini, njiani kwenda milima ya Umatengo alikozaliwa yeye Zena.

Jembe, kibuyu, chungu, kifuko cha ulezi wa mbegu. Kichwa hakikuweza zaidi, na mgongo ulikuwa wa Zabibu, binti yake mdogo, aliyeanza kukohoa.

Blanketi lilikuwa bado darini. Bakili, mumewe, alilipata Kilwa katika safari za upagazi, na ndilo alilojifunga siku alipopigwa risasi. Nguo ya marehemu haiguswi mpaka matanga yaanuliwe, na matanga hayaanuliwi bila watu kula. Sasa wangekula nini? Mwanaheri, mama mkwe, alikuwa ameshasema kwamba mwanawe hatavunjiwa heshima kwa ajili ya baridi.

Hilo ndilo lililomtia Zena hasira. Bibi huyu hakuwahi kuiona baridi ya kule. Alidhani ni hii ya Songea, ya kuota moto asubuhi na kuisahau mchana. Kule, majira ya kipupwe, mtoto mwenye kifua hulala akikohoa na asiamke.

"Mama," alisema, "nikiliacha, nitamzika Zabibu. Marehemu atabaki na heshima yake, mimi nitabaki na kaburi."

Mwanaheri aliinuka. Alikung'uta kinu, akapata vumbi la unga lisilojaa kiganja. Akalitia kwenye kata, akamimina maji, akakoroga kwa kidole.

Zena alirudi nyuma. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: Bakili naye alinyweshwa maji ya dawa, akaambiwa risasi hazitamdhuru.

"Haya si yale," alisema bibi. "Hiki ni chakula. Watu ndio sisi. Kula, tuanue."

Wakanywa kwa zamu, hata mtoto. Kisha Mwanaheri akalishusha blanketi mwenyewe, akalinusa, akalinusa tena, huku Zena akitazama moshi na miguu ikimwasha kuondoka. Hatimaye bibi akamfunika mjukuu wake na kumkaza mgongoni mwa mamaye.

Walipoanza kupanda milima, upepo ulikuja mkali. Blanketi lilikuwa zito, lakini Zabibu alilia, akalia. Zena alijua sababu: tundu la risasi lilikuwa limeangukia mgongoni mwa mtoto, na baridi ilipita hapo hapo. Mikono yake mwenyewe yote miwili ilikuwa imeshika mzigo kichwani.

Kilio kikakoma. Mwanaheri, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa ameweka kiganja juu ya lile tundu, na hakukiondoa, hata njia ilipokuwa nyembamba na ya mwinuko, ngumu kwa watu wawili kwenda wakiwa wameshikana.