Ujumbe wa Hongera

Shaibu Abdillah alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mzuri na moyo mgumu kumwamini mtu. Mteja akimletea kitambaa, alikipima mbele yake mara mbili, akaandika urefu kwenye karatasi, akamtaka atie sahihi. Watu wote wa mtaa wa Mirongo walishamzoea. Walimvumilia kwa sababu mishono yake haikuwa na kasoro.

Sasa mtu wa namna hiyo, bintiye Bushra akimaliza kidato cha sita na kutaka kuomba chuo, unadhani atamwachia nani kazi hiyo? Rahim, kijana wa steshenari duka la tatu kutoka kwake, ndiye aliyewajazia maombi nusu ya watoto wa mtaa. Shaibu alisimama nyuma ya kiti chake saa nzima, akifuata kila neno kwenye kompyuta. Walipofika penye namba ya simu, Rahim alieleza kuwa Bushra bado hajasajili laini, kwa hiyo angeweka namba yake mwenyewe kama anavyowafanyia wengi, na ujumbe ukija angewaletea. Shaibu alimwambia aondoe kidole. Mambo ya mtoto wake yangepita mkononi mwake mwenyewe, na namba yake akaitaja tarakimu moja moja.

Majibu yalitoka Ijumaa. Bushra alichaguliwa na vyuo viwili, uuguzi hapahapa Mwanza na ualimu Dodoma. Ualimu aliujaza ili fomu isibaki wazi. Uuguzi aliutaka tangu alipomuuguza bibi yake miezi mitano kule Pasiansi, akajifunza kumgeuza, kumwosha na kumlisha, na hakuchoka. Lakini utaratibu ulikuwa na masharti yake. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja ilimpasa athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, mwisho Alhamisi saa sita usiku. Asiyethibitisha, nafasi yake hupewa anayemfuata.

Jumamosi hakuna kitu. Jumapili hakuna kitu. Bushra akiuliza, baba yake alitoa simu mfukoni, akaitazama, akasema hakuna. Alisema hivyo kwa moyo safi.

Jumatatu Gladness wa nyumba ya pili akathibitisha. Yeye naye alijaziwa na Rahim, tena kwa namba ya Rahim. Habari hiyo ilimkosesha Shaibu usingizi. Iweje namba ya Gladness ifike na ya Bushra isifike, na aliyejaza ni mmoja? Akaanza kumchunguza kijana. Jumanne alimwona akinong'ona na mwanamume mwenye begi jeusi. Jumatano alimwona na viatu vipya. Usiniulize viatu vinahusiana nini na uuguzi. Mtu akishakushuku, hata ukipiga chafya ataona ni ishara unampa mwenzako. Rahim alieleza kwa upole kwamba ameomba namba itumwe tena, mara mbili, na mfumo unasema imetumwa. Shaibu alicheka kwa pua. Akilini mwake mambo yalikuwa yameshakamilika: nafasi ya Bushra imeuzwa, aliyeuza ni huyu, na mwenye begi ndiye mnunuzi.

Alhamisi mchana Rahim alikuja mwenyewe kwenye baraza la ushonaji, mbele ya wateja watatu.

"Shikamoo mzee Shaibu. Naomba niione simu yako, dakika moja tu. Leo ndiyo mwisho."

Shaibu aliifunika simu kwa kiganja. Mwaka juzi kulikuwa na kijana mwingine, mpole vilevile, aliyeomba simu yake amsaidie kuirekebisha, na jioni ile laini ilikuwa haina hata shilingi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Shaibu tangu siku hiyo hakuruhusu simu yake iguswe na mtu, hata mkewe.

"Namba umeshaila," alimjibu. "Sasa unataka na simu?"

Bushra, aliyekuwa akitia vifungo pembeni, alimwomba baba yake ampe tu aangalie. Aliambiwa aende nyumbani. Wateja walitazama chini. Rahim akarudi dukani kwake.

Shaibu hakuishia hapo. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Machibya, akaandika barua ya kurasa mbili kumshtaki Rahim kwa kuficha namba ya siri na kuuza nafasi ya mwanafunzi. Machibya alikuwa na njaa na chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, basi akagonga muhuri bila kusoma ukurasa wa pili. Saa sita ya usiku ikapita.

Ijumaa asubuhi baba na binti walikuwa mlangoni pa ofisi ya udahili ya chuo cha uuguzi. Shaibu alimwacha Bushra kwenye benchi la nje, akisema haya ni mazungumzo ya watu wazima. Ndani alimkuta afisa anayeitwa Bi Odeta, mama mwembamba mwenye miwani, asiyepoteza maneno. Aliisoma barua yote, kurasa zote mbili, kisha akaeleza taratibu. Mwombaji aliyezembea hana la kufanyiwa. Asubiri awamu ijayo, na uuguzi umeshajaa. Lakini mwombaji aliyehujumiwa na wakala aliyemjazia fomu ana haki. Kamati itakaa Jumatatu, itamrudishia nafasi yake, na wakala atafungiwa na kupelekwa polisi.

Shaibu alivuta pumzi ndefu. Alijua. Siku zote alijua.

Bi Odeta aligeukia kompyuta yake, akasema ujumbe ulitumwa mara tatu, Jumamosi, Jumanne na Jumatano, na mara zote simu iliupokea. Akausoma kwa sauti, kwa ajili ya kumbukumbu:

"Hongera! Umechaguliwa kujiunga na chuo. Namba yako ya siri ni..."

Shaibu hakusikia tarakimu. Alikuwa amebaki kwenye neno la kwanza. Hongera, umeshinda. Hongera, namba yako imebahatika. Hongera, tuma ada ndogo upokee zawadi. Kila baada ya swala alishika simu yake akafuta kila ujumbe wa mtu asiyemjua, bila kuufungua, na wenye kuanza na hongera aliufuta kwa raha, kama mtu anayefagia uwanja. Jumamosi aliufagia mmoja. Jumatano, alikumbuka vizuri, aliufuta huku akisema peke yake, mtachoka nyie.

Alitamani ardhi ipasuke.

"Namba hii ya simu iliyoandikwa hapa," Bi Odeta aliuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya fomu, "ndiyo ya wakala wako? Mawakala wengi huweka zao. Ukithibitisha, utie sahihi hapa, yatakuwa yamekwisha."

Neno moja tu. Ndiyo. Bushra angekuwa muuguzi, na Rahim, ambaye jana aliitwa mwizi mbele ya wateja, angebaki mwizi. Nani angejua? Shaibu alitazama mlango. Kupitia upenyo aliona viatu vya binti yake chini ya benchi, vimekaa sambamba, havitikisiki. Akajichukia, akamchukia na mama huyu mwenye kalamu. Maisha yake yote alikuwa akiwatafuta matapeli, na leo tapeli alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

"Hiyo ni namba yangu," alisema. "Ujumbe ulikuja. Niliufuta mimi."

Bi Odeta alivua miwani. Alimuuliza kama anaelewa maana ya alichosema. Shaibu alisema anaelewa. Basi yule mama akamrudishia barua yake, akampa na karatasi ya awamu ijayo, na kwa sauti ya chini akampa pole.

Nje, Bushra alisimama upesi, uso wake ukiwa na matumaini yote. Shaibu alikuwa amepanga maneno, lakini yalimponyoka, akamwambia tu kama ilivyokuwa: ujumbe, neno hongera, mara tatu, na alichoulizwa mle ndani na alichojibu. Hakumficha kwamba alisita.

Bushra alimsikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Umefanya vizuri kusema kweli, baba," alisema. Kisha, kwa adabu ileile: "Ila jana kaka Rahim alikuomba dakika moja tu."

Alichukua karatasi ya awamu ijayo mkononi mwa baba yake, akaikunja, akatangulia kushuka mteremko. Shaibu alimfuata nyuma. Alijua kwamba njia hiyo ingemfikisha kwanza kwenye steshenari ya Rahim, na kwamba saa hizi za asubuhi kungekuwa na watu wengi wa kumsikia.