Kurasa Nne za Kutetea Makusudi

...na sasa Mwenyekiti ananiuliza mimi, kwa sauti yake ile ya daktari wa meno, "Bibi Maktaba, tukumbushe tu, ile sheria ya la mwisho ndilo linalobaki, uliiweka kwa sababu gani?", na nyuso kumi na moja kwenye skrini zinanitazama, na kipaza sauti nimekizima, afadhali nimekizima, sababu gani, ngoja kwanza, ninayo, nimeiandika kurasa nne, kwamba faili ya data ikitaja kitu kimoja mara mbili, tuseme umri wa mgonjwa juu ni thelathini na chini ni arobaini, maktaba yetu, si ya vitabu bali ya kompyuta, inayozisomea programu nyingine faili hizo, ichukue arobaini bila kuuliza, kwa kuwa anayesema mwisho amefikiri zaidi, jamani, niliandika hivyo, mtu mzima na akili zangu... huko jikoni fundi bomba anamwuliza mume wangu, "Mzee, hili bomba nani alilipitisha huku juu?", na mume wangu anakohoa, alilipitisha yeye, kikohozi hicho nakijua, ni cha kutafuta muda... na Nyundo, dada anayetaka maktaba yote iandikwe upya tangu msingi, tunamwita Nyundo kwa kuwa hajawahi kuona ukuta akauacha mzima, anataka faili ya namna hiyo ikataliwe, "Mtu hana umri mara mbili," alisema wiki iliyopita, nikamjibu aya saba, nikamwambia haraka haraka haina baraka, programu maelfu zinaitegemea sheria hiyo, na kweli zinaitegemea, hapo sikudanganya, nilidanganya zamani, mwaka ule wa kwanza, maana sheria haikuwepo, nilisahau tu, sikuwaza kabisa kwamba mtu anaweza kutaja kitu mara mbili, cha pili kikaangukia juu ya cha kwanza, basi, halafu mtu akaandika kuuliza kama ni kosa, nikaona haya, nikajibu, "Ni makusudi," na makusudi hayo yakahitaji kurasa nne za kuyaegemeza, watu wakazisifu, nami nikazisoma tena nikajisifu, na leo nikisema ukweli Nyundo ataibomoa yote, miaka kumi na miwili yangu, nitabaki bibi wa nini... "Nilikuwa na mpango wangu," mume wangu anasema jikoni, "mambo ya presha ya maji," na fundi, "Presha gani?", loo, mwambie basi, baba watoto, hatakumeza, na namsikia, taratibu, "Bwana, nilikosea kupima, kisha nikaona aibu kuita fundi," nangoja kicheko, hakuna kicheko, fundi anasema tu, "Haya, sasa najua pa kukata," pa kukata, kumbe hakuuliza ili amcheke, aliuliza asije akatoboa ukuta usiohusika, na Nyundo naye miezi mitatu ananiuliza swali hilo hilo, nini kinashikilia nini, nami namzungusha, naye maskini kurasa zangu kazisoma zote, kazipigia mistari, katika mpango wake kaitengea falsafa yangu sehemu nzima iwe salama, falsafa isiyokuwepo, dada wa watu kapoteza wiki mbili kuilinda aibu yangu, na mimi nikamwita mbomoaji... "Bibi Maktaba, upo? Nadhani mtandao wake umekatika," Mwenyekiti anasema, "tuendelee?", na Nyundo, yeye wa kwanza, "Hapana, tumsubiri, bila yeye sigusi kitu," ah, binti huyu, nimemwonea, nimemwonea kweli, na maneno yenyewe ni mawili, nilisahau tu, miaka kumi na miwili nimeyakimbia maneno mawili, na kipaza sauti bado kimezimwa, wote bado wanangoja, kidole changu kiko juu ya kitufe, na cha ajabu, kubomolewa sikuogopi tena, naogopa tu wasije wakafunga mkutano kabla sijasema.