Ukungu Kwenye Herufi Ba

Subira aliketi kwenye benchi la zahanati, Kasongo, kijioo cha kunyolea kimefungwa katika pindo la kanga yake. Kando yake aliketi Mwalimu Sumaili, mkuu wa chuo cha Kurani, aliyekuja kushuhudia kipimo kwa macho yake.

Shangazi Waridi alikuwa amefundisha wasichana herufi za Kiarabu miaka thelathini. Sasa macho yamemwishia, na alitaka jamvi lake la kufundishia lishikwe na Subira. Lakini Subira alizaliwa na tundu kwenye kaakaa, na ingawa daktari alilishona miaka miwili iliyopita, mji mzima bado ulimjua kwa king'ong'o chake. Mwalimu Sumaili hakumtukana. Alisema tu, "Mutoto anaiga anachosikia. Tukikuweka pale, mwaka ujao wasichana wote watasoma kwa pua. Lete karatasi ya dokta kwamba umepona, nitakubali."

Dokta alikuwa safarini Kabambare. Vipimo alimwachia muuguzi wake, Hippolyte, mtu wa Lusangi. Hippolyte alitoa bamba la chuma kilichong'arishwa, lililochorwa nusu duara nne, moja ndani ya nyingine.

"Linakaa chini ya pua," alieleza. "Pumzi ikipitia puani, ukungu unaonekana juu ya chuma. Tunahesabu umefika mustari gani; kwa ba hautakiwi kufika hata mumoja. Sema ba."

"Ba."

Ukungu ulifika mstari wa tatu. Hippolyte alilifuta bamba. Kwa bi, wa tatu. Kwa bu, wa tatu tena.

Sumaili aliinamisha kichwa. "Basi, binti yangu. Haiko kosa lako."

Hippolyte alichovya kalamu katika wino.

Subira alikigusa kijioo kwenye pindo la kanga. Miezi minane, kila asubuhi, alikuwa akisema herufi juu ya kijioo chake kilichopozwa kwenye maji ya mtungi, na kwa ba kilibaki kikavu. Kijioo hakikuwa na sababu ya kumpendelea. Tofauti ilikuwa wapi? Akautazama mkono wa Hippolyte, ambao kila mara ulikawia kulitoa bamba.

"Muganga, ngoja. Sema ba wewe mwenyewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ama unaogopa chuma chako?"

Hippolyte alicheka, akaliweka bamba chini ya pua yake. "Ba." Akalitazama. Mstari wa tatu.

"Ee!" Sumaili alipiga goti kwa kiganja. "Kumbe na wewe uko na tundu!"

"Hana tundu, Mwalimu," alisema Subira. "Amemaliza kusema, kisha akapumua. Mimi pia nilipumua. Nyumbani ninaondoa kioo sauti ikikatika tu, kabla sijapumua."

Hippolyte hakuwa mtu wa kukasirika akifundishwa. Aliweka kalamu chini, akafungua daftari la maagizo, akasoma ukurasa mzima bila kupata neno juu ya jambo hilo. Akaliandika mwenyewe pembeni. Kisha akalichovya bamba katika maji ya mtungi lipoe, akalikausha, akajipima kwanza. Ba: safi. Ma: mstari wa pili.

"Sasa wewe."

Ba. Chuma kiling'aa. Bi. Bu. Da. Ka. Kiling'aa.

"Sema ma."

Ukungu, mstari wa pili. Sawa kabisa na wa Hippolyte mwenyewe. "Hii ndiyo inatakiwa," alisema. "Ma inapita puani kwa kila mutu." Alirudia kipimo cha ba mara kumi, kisha akaandika sifuri moja baada ya nyingine, kubwa kama mayai.

"Chuma kimesema," alisema Sumaili. "Sikio langu bado." Akageuka, akatazama ukuta, asimwone bali amsikie tu.

Subira alisoma herufi zote, polepole, toka ya kwanza hadi ya mwisho. Sumaili aliuliza, uso bado ukutani:

"Umesema hivi tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana, Mwalimu."

"Na sisi tulikuwa tunasikia sauti yako ya zamani tu." Aligeuka, macho yamelowa. "Kesho asubuhi ukae kwenye jamvi. Usichelewe."

Hakuchelewa. Kulipokucha, wasichana ishirini walipaza sauti, ba, bi, bu, mpaka wauza samaki wa Nyangwe wakasimama barabarani kusikiliza. Msichana mmoja mtundu alibana pua na kuiga king'ong'o cha zamani. Subira alicheka, akafungua pindo la kanga.

"Njoo hapa, bibi wee. Tuone pua yako inasema nini."

Kijioo kilizunguka jamvi zima. Kila kilipobaki safi kwa ba walishangilia, na kilipopata ukungu kwa ma walishangilia zaidi. Shangazi Waridi, ambaye hakuona chochote, ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote.