Matofali Elfu Nne na Moja

Jumatatu asubuhi, baada ya kuwatupia kuku mtama, Javan alianza kugawa matofali mafungu mawili: moja la duka lake pale Sori, kando ya ziwa, jingine la nyumba ya Filister, mke wake mdogo. Yalikuwa elfu nne na moja. Likabaki moja. Jioni Leonida, mke mkubwa, akaja kulikalia.

Leonida alikuwa amekufa tangu Februari, mwaka ule wa 1965. Matofali aliyafyatua mwenyewe, ya nyumba yake, maana ile ya nyasi ilikuwa ikivuja mpaka kitandani. Alipomaliza kuyachoma alirudi shimoni kuchota udongo wa kujengea, ukingo ukamwangukia. Sasa alikuja kila jua lilipozama, magoti yana tope, akasalimiwa na watu, akapewa uji.

"Hujambo, nyieka," alimwambia Filister, kama wake wenza wanavyoitana.

"Sijambo, mikayi," Filister akamjibu, kwa jina la heshima la mke wa kwanza. "Karibu uji."

Javan akajaribu mafungu matatu, yakabaki mawili. Akapanga safu za saba saba, yakabaki manne. Akatupa moja ziwani, na kulipokucha yalikuwa elfu nne na moja. Akaazima moja kwa jirani aliongeze, wapi! Asubuhi jirani alilikuta mlangoni kwake. Ukaidi wa Javan, jamani, ungetosha kuezeka nyumba.

Akaitwa Mwalimu Dishon. Akachuchumaa, akapiga hesabu mchangani kwa kijiti, kwa mbili, kwa tatu, hadi sitini na tatu, jasho linamtoka.

"Hapa natua," akasema. "Kigawanyo kikubwa kuliko hiki lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo wote nimewamaliza. Namba hii, mzee, inakubali moja na yenyewe tu. Ukitaka yaishe bila baki, mpe mtu mmoja yote."

Filister alikuwa amembeba Roseline, mtoto wake wa pekee, na hofu ikamshika. Nyumba ya mke mkubwa hujengwa kwanza. Ukiiruka, chira, laana ya kuvunja mwiko, humwingia mtoto, akakonda mpaka akaisha.

"Baba Roseline, mjengee mwenyewe kwanza. Mimi mvua nitaivumilia. Nakusihi."

"Maiti haulizwi sanda," Javan akajibu. "Na moja likibaki, kuna ubaya gani?"

Akajenga. Duka likafunguliwa kabla ya Krismasi, likauza sukari na mafuta ya taa. Filister akahamia nyumba yake mpya huku akilia. Jioni ya kwanza Leonida aliingia na tofali lake kwapani, akaliweka karibu na meza, akakaa. Akazitazama kuta kwa muda.

"Nyumba yangu utaijenga lini?" akauliza.

"Mwaka ujao, mikayi," Javan akasema, akimega ugali.

Leonida akaitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa makelele. Kisha akanyoosha mikono.

"Basi nipe mtoto nimshike, nyieka."

Filister alitaka kukimbia. Lakini mke mkubwa hanyimwi mtoto. Akamfungua Roseline mgongoni, akampa. Mtoto akanyamaza, mashavu yakaanza kubonyea, na Javan akaomba aongezewe samaki.