Fungate ya Watu Watatu

Mpiga picha alikuwa na kitambaa cheupe kilichobanwa ukutani kwa vibanio vya nguo, na mbele yake kiti kirefu kisicho na egemeo. Alimwambia mwokaji mikate avue hereni, aweke nywele nyuma ya masikio, afunge mdomo na asicheke.

"Pasipoti haitaki furaha," alisema, kama anavyowaambia wote.

Mwokaji akafunga mdomo. Taa ikawaka na kuzimika. Mpiga picha alitazama kioo cha kamera yake, akajikuna shavu, kisha akamwomba mzee aliyesimama nyuma ya kiti asogee pembeni kidogo.

Mwokaji hakugeuka. "Amevaa nini?"

"Shati la kazi. Lina vitundu vitundu kifuani."

"Huyo ni baba. Piga tena, labda atasogea."

Hakusogea. Zilipigwa picha kumi na moja, na katika zote baba yake alikuwa nyuma ya bega lake la kushoto, macho mbele, mdomo umefungwa, masikio yote mawili yakionekana. Mpiga picha alikiri kwamba tangu aanze kazi hajapata mtu anayefuata maelekezo vizuri kiasi kile. Mwokaji alimwambia kwamba ndivyo alivyokuwa hata alipokuwa hai. Baba yake alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Alikuwa mchomeleaji wa mageti, na mtaa mzima ukimwita Cheche.

Mwokaji alichukua picha nne zilizotoka vizuri zaidi, akazitia kwenye bahasha, akarudi kiwandani kabla mikate ya mchana haijatolewa.

Alikuwa ameolewa wiki tatu tu. Mumewe alikuwa fundi lifti, na kampuni yake ilitoa likizo ya ndoa siku kumi, mradi ichukuliwe ndani ya miezi miwili baada ya harusi. Ikipita hapo imekwenda na maji. Tiketi zilikuwa zimeshakatwa za tarehe kumi na nane. Pasipoti ya mume ilitoka ndani ya wiki. Iliyobaki ilikuwa ya mke, na mke hakuwa na wasiwasi wowote. Hakuna kati yao aliyewahi kuvuka mpaka wa nchi, lakini kwa jinsi walivyojiandaa ungedhani wanarudi kwao.

Orodha ya safari iliandikwa kwenye mfuko wa unga uliopasuliwa ukafunguliwa, ukabandikwa kwenye mlango wa kabati. Masanduku yalipimwa kwa mizani ya kiwandani, ile ya kupimia unga, mpaka kila moja likawa na uzito unaoruhusiwa kasoro gramu mia mbili. Jioni mume aliketi nyuma ya meza ya kupigia pasi akawa ofisa wa uhamiaji wa ugenini.

"Umekuja kufanya nini huku?"

"Fungate."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Mimi ni ofisa, bwana!"

"Basi ofisa usinikodolee macho hivyo. Mume wangu yuko hapo nyuma kwenye foleni, ana mikono ya kufungua lifti."

Shangazi yake mwokaji, aliyemlea yeye na ndugu zake na ambaye hajapanda kitu chochote kirefu kuliko ngazi, alikuja kila siku ya pili kufundisha mambo ya ndege. Usinywe maji mengi. Ukiona watu wanapiga makofi, piga. Mkanda ukifunguliwa, usiwe wa kwanza kusimama, utaonekana mshamba.

Mji waliouchagua ulikuwa na ziwa, na treni ndogo inayopanda mlima. Mwokaji aliujua kwa kichwa. Kutoka uwanja wa ndege unashuka chini, unachukua treni kwenye jukwaa la pili, unahesabu vituo sita. Mumewe alijitapa kazini kwamba ameoa ramani. Hakumuuliza alijifunzia wapi, naye hakumwambia. Alijifunzia kwenye barua ya hospitali. Baba yake alikuwa na ugonjwa wa moyo, na hospitali moja ya mji ule ilikuwa imekubali kumbadilishia valvu. Katika ukurasa wa pili wakaeleza njia. Pasipoti ndiyo iliyokosekana. Alikwenda kuifuatilia mwaka mmoja na nusu, na kila alipokwenda aliambiwa iko kwenye hatua za mwisho.

Asubuhi iliyofuata siku ya kupiga picha, mwokaji alifika kwenye ofisi ya pasipoti, dirisha la tatu, akasukuma fomu na picha chini ya kioo. Karani alikuwa mama wa makamo mwenye sweta, mtu wa adabu.

"Picha moja, mtu mmoja," karani alisema.

"Najua. Nimepiga kumi na moja."

"Huyu wa nyuma ni nani wako?"

"Baba."

Karani akavaa miwani. "Huyu namfahamu. Alikuwa anakuja na bahasha kubwa ya hospitali. Hakuwa na kelele kabisa. Ombi lake bado liko hapa." Akafungua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akafunua mpaka sehemu ya watoto wanaopakatwa. "Hii hapa. Aliyemo pichani akiwa na ombi ambalo halijamalizika, la kwake linamalizika kwanza. La kwako linasimama."

"Basi limalizeni."

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyowaambia vijana wa kiwandani watoe mikate kabla haijaungua, na karani, bila kujua kwa nini, akainuka.

Walikwenda wote wawili hadi mwisho wa korido. Bosi anayesaini alikuwa ghorofa ya nne, na mafaili yalimfikia kwa kitoroli, na kitoroli kilipanda kwa lifti. Lifti ilifanya kazi wiki moja, ikafa miezi. Ikiwa mbovu, kitoroli kilisubiri chini na mafaili mapya yakawekwa juu ya ya zamani. Ikipona, kilipanda, na bosi akasaini kuanzia juu mpaka lifti ilipoharibika tena. Faili la Cheche lilikuwa la chini kabisa. Lilikuwa limebanwa kwa uzito mpaka likawa jembamba kuliko mengine, na lilipofunguliwa kila kitu kilikuwamo: picha, alama za vidole, nakala ya barua ya hospitali. Kilichokosekana ni sahihi tu.

Kwenye mlango wa lifti ilining'inia kadi iliyoanza kupauka: LIFTI HAIFANYI KAZI. INASUBIRI KIPURI. Mwokaji aliisoma mara mbili. Huo mwandiko, wenye K ndefu kama ngazi, ndio uliokuwa kwenye mfuko wa unga kule kwao kabatini.

Alipofika nyumbani alasiri, baba yake alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, mikono juu ya magoti. Mumewe alikuwa amesimama karibu na jiko, shati amelichomekea, kwa kuwa baba mkwe ameketi na hakujua kama itafaa naye aketi.

"Umekaribishwa chai, baba?" mwokaji aliuliza.

"Nimekaribishwa. Mkwe ana adabu."

"Umekuja kunizuia nisisafiri?"

"Hata kidogo. Mimi niko kwenye foleni yangu," mzee alisema. "Nimeona nyuma yako pana nafasi."

Mwokaji akavua viatu, akamwambia mumewe habari ya kitoroli tangu mwanzo mpaka mwisho. Mume alisikiliza, macho sakafuni.

"Kadi ile niliiandika mimi," alisema.

"Najua. Nimeuona mwandiko."

"Kipuri niliagiza. Hakikuja, nikaagiza tena. Nilijua watu watapanda ngazi."

"Watu wanapanda. Mafaili hayapandi."

Mzee akakohoa, kile kikohozi chake cha kuomba nafasi ya kusema.

"Kadi yako nilikuwa naisoma kila nikienda," alimwambia mkwe wake. "Herufi zimenyooka. Nikasema moyoni, aliyeandika hapa ni mtu makini, lifti itapona tu."

Mume alichukua bisibisi juu ya kabati, akaiangalia, akairudisha.

Shangazi alipokuja na kumkuta kaka yake dirishani, alimsalimia, akamlaumu kidogo kwa kukonda, kisha akamvuta mwokaji kando.

"Eti anakwenda na nyinyi?"

"Pasipoti zetu zitatoka pamoja, shangazi."

"Kwenye fungate? Baba mkwe! Huyo mumeo atakohoa vipi usiku?"

"Kuna hoteli ina ghorofa tano."

"Basi mzee alale ya tano na nyinyi mlale ya kwanza. Tena muulizie kuta ni za nini. Za mbao msikubali."

Kwa wakala wa tiketi hapakuwa na ugumu. Msichana wa pale aliitazama ile picha ya watu wawili, akasema abiria anayeonekana pichani lazima awe na kiti chake, akauliza kama mzee anapenda dirishani.

Kesho yake mume alikwenda ofisi ya pasipoti na sanduku lake la vifaa. Fundi lifti huruhusiwa kufika ghorofa yoyote, hakuna anayemuuliza. Alichukua faili la mkwe wake na la mke wake, akapanda nayo kwa miguu. Alitazama saa alipoanza na alipofika. Dakika nne, na katikati alisimama mara moja kufunga kamba ya kiatu.

Bosi wa ghorofa ya nne alisaini yote mawili bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake. "Lifti lini?" aliuliza.

"Kipuri kikifika, mzee."

Aliposhuka, mume alikiendea kitoroli akabeba mafaili mengine mpaka yakamfika kidevuni. Karani wa dirisha la tatu akamwona.

"Hayo weka hapo hapo, baba. Hayo si ya familia yako."

"Napanda tena, sina kazi nyingine leo."

"Huwezi. Yana utaratibu wake."

Akayaweka. Alisimama pale kwa muda akiwa ameshika ukingo wa kitoroli, kisha akafungua sanduku la vifaa, akaingia ndani ya shimo la lifti na tochi, akashinda humo hadi ofisi ilipofungwa. Bila kipuri hakikuwepo cha kufanya, na alilijua hilo tangu anaingia.

Siku ya tatu waliitwa. Walikwenda wote, mwokaji mbele, mumewe nyuma, mzee katikati akiwa na shati lake la vitundu lililopigwa pasi. Benchi lilikuwa limejaa tangu mlangoni. Kulikuwa na mwanamume aliyefungwa bandeji jichoni, na mama aliyepakata bahasha kubwa ya hospitali, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sinia.

Karani alizitoa pasipoti mbili chini ya kioo. Mwokaji akaifungua yake. Alikuwa peke yake pichani, uso mkavu, masikio wazi. Mzee naye alikuwa peke yake katika yake. Aliifunua ukurasa baada ya ukurasa, hata zile tupu, bila haraka.

"Utapita hospitali, baba?" mwokaji aliuliza.

"Nitapita nikawaambie barua yao niliipata. Waliniwekea kitanda, si vizuri kunyamaza."

"Nitakupeleka. Njia naijua."

"Najua unaijua. Siku ulipokuwa unaikariri nilikuwa macho."

Karani akafungua daftari la kupokelea, akalisukuma mbele ya mzee pamoja na kalamu. Mwokaji alisoma juu ya bega la baba yake. Palikuwa na safu ya jina, ya tarehe faili lilipopandishwa kusainiwa, ya tarehe pasipoti ilipotoka, na ya mwisho, siku za huduma. Karani alikuwa ameshaijaza kwa wino wa bluu: tatu.

"Hapa umeandika siku tatu," mwokaji alisema.

"Ndiyo, tunahesabu tangu faili linapopanda. Ofisi yote wastani wetu ni siku tatu, umebandikwa pale ukutani."

"Alifuatilia mwaka na nusu. Akafa."

"Pole sana, mama. Huko kulikuwa kusubiri." Karani alilisema kwa upole, akilipitia daftari kwa kidole kutoka kushoto hadi kulia, asiache hata mstari. "Kusubiri hakuna safu."

Mume akafungua mdomo. Mwokaji akamtangulia. "Wekeni, basi. Muichore leo, hata kwa rula."

"Daftari linakuja limechapwa hivi hivi," karani alisema.

Mzee aliinama, akaitafuta nafasi yake, akasaini jina lake kamili kwa mkono uliotulia, pembeni ya ile tatu. Alimshukuru karani. Karani akamshukuru pia, akamtakia safari njema, akalifunga daftari.

Wakatoka, mwokaji ameshika pasipoti zote tatu, ya mumewe ikiwemo. Nyuma yao, kwenye benchi, mama mwenye bahasha aliinuka nusu, akasogea nafasi moja, na wengine wote wakasogea.